Kamba ya Kuwashia Injini ya Pampu: Jinsi ya Kuitengeneza Mwenyewe

Wafugaji na wakulima wa sehemu kavu za Kajiado siku hizi hawategemei ndoo na punda peke yake. Katika boma nyingi, toka Kitengela na Isinya mpaka huku Oltepesi kando ya barabara ya Magadi, utakuta injini ndogo ya petroli imefungwa pamoja na pampu juu ya fremu ya chuma, na watu wawili waweza kuibeba. Injini hiyo huvuta maji kutoka bwawani, yaani silanga, na kuyapeleka kwenye hori la ng'ombe au kwenye shamba dogo la vitunguu na nyanya. Nyingi hazina betri wala ufunguo. Huwashwa kwa kuvuta kamba. Kamba ikikatika, au ikikataa kurudi ndani, injini nzima, hata ikiwa mpya kabisa, ni sawa na jiwe.

Somo la mwezi huu ni juu ya kifaa hicho cha kamba, ambacho mafundi hukiita stata. Tumelichagua kwa sababu ni kitu kidogo kinachosimamisha kazi kubwa. Tufanye hesabu. Ng'ombe mmoja wa kienyeji wakati wa joto aweza kunywa lita 30 na zaidi kwa siku. Mwenye ng'ombe 50 ataka lita 1,500, nayo ni mitungi 75 ya lita 20. Pampu ndogo, hata ikitoa lita 200 tu kwa dakika, humaliza kazi hiyo kwa dakika nane. Bila pampu, kazi ni ya kutwa nzima kwa watoto na akina mama, na wakati huo ng'ombe wanalia kando ya hori. Waliopita katika ukame ulioanza mwishoni mwa mwaka 2020 na kuendelea mpaka mwanzoni mwa mwaka 2023 hawahitaji kuelezwa zaidi maana ya kuchelewa kwa maji.

Tena fundi hayuko karibu. Mtu wa Oltepesi hupeleka injini yake Kiserian, na wa upande mwingine huipeleka Kitengela au Kajiado mjini. Hulipa nauli yake na ya injini, hungoja siku mbili, na mwishoni huambiwa kwamba kilichokuwa kibaya ni kamba. Kazi hiyo angeliifanya mwenyewe chini ya mti kwa muda wa saa moja.

Jinsi stata inavyofanya kazi

Kabla ya kufungua bolti hata moja, yafaa kujua kilichomo ndani. Mtu anayefungua asichokijua hupoteza vipande.

Umepata kuona futi ya chuma ya seremala, ile ambayo huvutwa ikatoka na kuachwa ikarudi yenyewe ndani ya kibweta chake? Stata ni vivyo hivyo. Ndani ya kifuniko cha duara kilicho ubavuni mwa injini mna kigurudumu chenye mfereji, na kamba imezungushwa katika mfereji huo. Chini ya kigurudumu pana springi, nayo si ile ya mzunguko kama ya kiti cha gari, bali ni utepe mwembamba wa chuma uliokunjwa kama mkeka. Ncha yake ya nje imeshikwa na kifuniko, na ncha yake ya ndani imeshikwa na kigurudumu. Uvutapo kamba, kigurudumu huzunguka na springi hukazwa. Uiachapo, springi hulegea na kukirudisha kigurudumu, nacho huikunja kamba tena.

Hayo peke yake hayatoshi kuwasha injini. Lazima kigurudumu kiishike injini wakati wa kuvuta, na kuiachia mara injini inapowaka, ama sivyo injini ingeliikokota kamba na mkono wako pia. Kazi hiyo hufanywa na vikucha, kwa kawaida viwili, vilivyo katikati ya kigurudumu. Ukianza kuvuta, vikucha hujitokeza na kung'ang'ania kikombe cha chuma kilichofungwa kwenye flaiwili ya injini. Injini ikiwaka na kuzunguka upesi kuliko kamba, kikombe huvisukuma vikucha virudi ndani. Mfano wake ni friwili ya baiskeli: ukikanyaga pedali gurudumu linakwenda, na ukiacha kukanyaga gurudumu huendelea na miguu yako imetulia.

Stata ya namna hii utaiona pia katika jenereta, katika msumeno wa injini wa kukatia miti, na hata katika vile vigari vya kuchezea vinavyoongozwa kwa redio ambavyo vina injini ndogo ya kweli. Katika vigari hivyo mahali pa vikucha mara nyingi pana beringi inayozunguka upande mmoja tu, na kamba ni fupi sana, hata mtu mzima akiivuta kwa nguvu ya kuvuta kamba ya pampu ataing'oa mara moja. Mwenye mtoto aliyeletewa zawadi kama hiyo na atambue hivyo, maana njia ya kuitengeneza ni ile ile ila vipande ni vidogo mno.

Usiilaumu stata kabla ya kuichunguza injini

Kamba nyingi hazikatiki kwa sababu ni mbovu. Hukatika kwa sababu zimevutwa mara arobaini na injini iliyokuwa na sababu yake ya kukataa kuwaka. Ukitia kamba mpya bila kuiondoa sababu hiyo, utaikata tena kabla ya mwezi kwisha. Basi tazama kwanza mambo haya: je, swichi imewashwa? Je, kilango cha petroli kimefunguliwa? Je, petroli ni safi, au imekaa kwenye tangi tangu mvua za mwaka jana? Plagi ni kavu, au imelowa petroli?

Kuna jambo moja linalowasumbua wengi huku kwetu na ambalo halifahamiki vya kutosha. Injini nyingi za namna hii zina kifaa ndani ya tumbo lake kinachokata moto wa plagi oili inapopungua. Kifaa hiki ni rafiki, kwa kuwa huzuia injini kuungua. Lakini hakijui tofauti ya oili iliyopungua na oili iliyokimbilia upande mmoja. Ukiiweka pampu kwenye mteremko wa ukingo wa silanga, oili yote huenda upande wa chini, na kifaa hudhani hakuna oili. Utavuta kamba mpaka jioni na injini haitatoa hata kikohozi. Dawa yake ni jembe: chonga mahali pa sawa, uweke pampu juu yake, kisha tazama oili kwa kipimo chake, halafu ndipo uvute.

Na je, ikiwa kamba ni ngumu kabisa, haivutiki hata kidogo? Hapo usiivute kwa miguu miwili kama watu wanavyofanya. Ondoa kwanza kofia ya plagi ili injini isiwake kwa bahati. Kisha fungua stata yote, nayo kwa kawaida imeshikwa na bolti tatu ndogo zinazofunguliwa kwa spana namba 10, uiweke kando. Sasa jaribu kukizungusha kile kikombe cha chuma kwa mkono. Kikizunguka, hata kama kinakuwa kigumu mahali pamoja na kulegea tena, injini ni nzima na ubaya umo katika stata. Kisipozunguka, toa plagi ujaribu tena. Kikizunguka sasa na petroli au oili ikaruka kutoka tundu la plagi, basi silinda ilikuwa imejaa. Ikaushe, na usiweke moto wowote karibu. Kisipozunguka hata bila plagi, tazama upande wa pampu. Pangaboi ya pampu imefungwa moja kwa moja kwenye mhimili wa injini, na kijiwe kimoja kilichopita kwenye chujio lililotoboka chaweza kuifunga injini nzima. Nimewahi kuona injini imepelekwa mjini kwa matatu na kurudishwa, na iliyokuwa imekwama ni kokoto ya ukubwa wa punje ya hindi.

Kamba ikikatika

Vifaa vinavyotakiwa ni spana namba 10, bisibisi, koleo, kisu kikali, kiberiti, msumari mmoja mrefu au kipande cha waya mgumu, na kamba mpya. Fanya kazi mahali pasipo upepo, juu ya gunia safi, ili kijipande kikianguka kionekane.

Juu ya kamba yenyewe lazima niseme neno. Usitumie kamba ya katani. Hukwaruzika na kuota nyuzi baada ya siku chache. Wala usitumie ile kamba ya plastiki ya rangi ya buluu ya kufungia mbuzi, maana huyeyuka kwa joto la kusuguana na tena ni ngumu, haikunjiki vizuri kwenye mfereji. Itakiwayo ni kamba ya nailoni iliyosukwa, ya unene wa milimita 4 au 5. Chukua ile ya zamani, vipande vyote viwili, uviunganishe juu ya meza na kupima urefu wake. Kama kipande kimepotea, kwa injini za pampu ndogo urefu huwa kati ya mita moja na nusu na mbili hivi. Kamba nene kupita kiasi haitaenea katika kigurudumu. Nyembamba mno itaingia kati ya kigurudumu na kifuniko na kukwama. Choma ncha zote mbili kidogo kwa kiberiti ili nyuzi zishikamane, lakini fanya hivyo mbali na injini na dumu la petroli.

Ikiwa kilichokatika ni kamba tu na springi ni nzima, huna haja ya kukitoa kigurudumu. Hili nalisisitiza, kwa sababu anayekitoa bila haja humwaga springi na kujiongezea kazi ya nusu siku. Funga kofia ya plagi kando, fungua bolti tatu, toa stata, uilaze kifudifudi ili tumbo lake likutazame. Toa mabaki ya kamba na lile fundo la zamani. Sasa kizungushe kigurudumu kwa vidole upande ule ambao kamba ilikuwa inakizungusha ilipovutwa. Utasikia springi inakazwa. Endelea taratibu mpaka kikatae kuendelea, usikilazimishe. Kisha kirudishe nyuma kwa mzunguko mmoja, na kutoka hapo nyuma kidogo tena mpaka tundu la kamba katika kigurudumu lielekeane na tundu lililo ubavuni mwa kifuniko. Mara yanapoelekeana, kizuie kwa msumari au waya uliopitishwa ili kisirudi. Mwenzako akikushikia itakuwa vizuri zaidi, maana kigurudumu kikiponyoka kitazunguka chote na utaanza upya, na chaweza kukuumiza vidole.

Pitisha kamba kutoka nje, kwenye tundu la kifuniko, iingie katika tundu la kigurudumu, uivute itokeze upande wa ndani. Piga fundo, ulikaze kwa koleo, halafu ulirudishe likae katika shimo lake lisijitokeze juu. Fundo linalojitokeza litagusana na kikombe na kusagwa. Upande wa pili pitisha kamba katika kishikio na upige fundo huko pia. Sasa shika kishikio kwa nguvu, mwambie mwenzako atoe msumari, na uiachilie kamba iingie polepole ikiwa mkononi mwako. Ikiwa umefanya sawa, itaingia yote na kishikio kitakaa imara kwenye mdomo wa kifuniko.

Yapo majaribio mawili ambayo hapana budi kuyafanya kabla ya kuirudisha stata. La kwanza: je, kishikio kinaning'inia? Kama kinaning'inia, springi haikukazwa vya kutosha. Toa kamba na uongeze mzunguko mmoja. La pili ndilo ambalo watu hulisahau. Vuta kamba yote mpaka mwisho wake, kisha ujaribu kukisukuma kigurudumu mbele zaidi kwa kidole. Lazima kiweze kwenda angaa nusu ya mzunguko. Kama hakiendi, maana yake springi imekwisha nguvu pamoja na kamba, au kabla yake. Siku mtu mwenye kifua kipana atakapoivuta kamba hiyo, springi itakatika. Katika stata iliyofungwa vema kamba ndiyo inayokwisha kwanza, na springi hubakiwa na akiba.

Ukirudisha stata mahali pake, usikaze bolti moja moja mpaka mwisho. Zifunge zote tatu kwa vidole tu, halafu vuta kamba polepole mpaka vikucha vishike kikombe. Stata itajisogeza yenyewe na kukaa katikati. Ukiishikilia hivyo, kaza bolti kwa zamu.

Springi

Kamba ikitoka lakini isirudi, ubaya ni wa springi. Huenda imekatika, au ncha yake imeponyoka mahali iliposhikwa, au imejaa vumbi na oili mpaka haiwezi kujivuta.

Hapa sharti niwaonye. Springi hiyo, ingawa ni utepe mwembamba, imefungwa kwa nguvu na kingo zake ni kali. Ikiruka yaweza kukata mkono au kutoboa jicho. Vaa glavu nene, na miwani yoyote uliyo nayo, hata ya jua. Watoto wakae mbali. Fungua ile bolti au skrubu ya katikati inayoshikilia vikucha, uvitoe na kuvipanga juu ya gunia kwa utaratibu wa kutoka kwake, au uvipige picha kwa simu. Hii ni faida moja ya simu. Kisha shikilia kigurudumu, ukiinue kidogo sana upande mmoja, na uchungulie. Ukiona springi imeng'ang'ania kigurudumu na inataka kutoka pamoja nacho, usivute. Tikisa kigurudumu huku na huku kwa vidole mpaka springi ibaki chini katika kiota chake. Ukiona hatari, pindua stata yote uso chini juu ya nyasi, uigonge kidogo, iache ijimwage huko.

Springi iliyokatika katikati haiungiki, nunua nyingine. Lakini mara nyingi iliyovunjika ni ile ndoano ya ncha tu, na hiyo yatengenezeka. Kunjua ncha hiyo, uichome sentimita moja au mbili mpaka iwe nyekundu, halafu iache ipoe yenyewe polepole. Usiitie majini, maana maji yatairudisha kuwa ngumu na itavunjika tena. Chuma kikiisha kuwa laini, kunja ndoano mpya kwa koleo ukifuata umbo la ile ya zamani. Usichome zaidi ya ncha, kwa sababu sehemu iliyochomwa hupoteza nguvu ya kujivuta.

Springi mpya huuzwa ikiwa imefungwa kwa pete ya waya. Wengi hukata waya huo wakiwa dukani ili waione vizuri, na springi huruka ikawa kama nyoka. Iache na pete yake. Iweke juu ya kiota, utie ndoano ya nje mahali pake, isukume chini polepole, na pete itabaki juu yenyewe. Paka grisi kidogo sana kwenye springi, kiasi cha kuilowesha tu.

Juu ya vumbi, sisi wa barabara ya Magadi tuna jambo letu. Udongo mweupe ulioko pande za Olorgesailie, ambapo Louis na Mary Leakey walichimbua mashoka ya mawe ya watu wa kale katika miaka ya 1940, ni mabaki ya viumbe vidogo mno vya ziwa lililokauka zamani. Vumbi lake ni laini kama unga, hunyonya oili, na likichanganyika na grisi huwa uji unaosaga chuma. Kwa hiyo grisi nyingi katika stata ni adui wa huku kwetu. Funika pampu kwa gunia inapokaa, na kila miezi michache fungua bolti tatu upulize vumbi.

Vikucha vikiteleza

Hali ya tatu ni hii: kamba inatoka na kurudi vizuri, lakini injini haizunguki. Vikucha havishiki. Sababu ya kawaida ni hiyo hiyo, uji wa vumbi na grisi. Vitoe, uvioshe kwa brashi na petroli kidogo mahali pa wazi, uvikaushe kabisa, uvirudishe vikiwa vikavu. Kuna kijispringi kinachobana katikati na kuvifanya vikucha vijitokeze. Hicho hufanya kazi kwa msuguano, na ukikipaka oili umekinyima kazi yake. Vikucha vilivyolika ncha zake vikawa mviringo havina dawa. Tazama pia kikombe, maana kikiwa kimelika kingo, vikucha vipya vitalika navyo.

Mara nyingine ni afadhali kununua stata nzima, na kwa injini za aina ya kawaida stata nzima haina bei kubwa. Ila usiende dukani mikono mitupu na kusema wataka stata ya pampu. Chukua ile ya zamani mkononi. Stata mbili zaweza kufanana machoni na kutofautiana umbali wa matundu ya bolti, au ukubwa wa mahali pa vikucha, na safari yako itakuwa bure.

Namna ya kuvuta, na mahali pasipofaa kuvutia

Kamba isivutwe kwa kushtua tangu mwanzo. Ivute polepole mpaka uhisi ugumu, hapo pistoni imefika mahali inapobana hewa. Irudishe taratibu. Kisha vuta mara moja, kwa nguvu na kwa kunyoosha, ukifuata mwelekeo wa tundu la kifuniko. Anayevuta kwa upande huisugua kamba kwenye ukingo wa tundu, na hapo ndipo kamba nyingi hukatikia. Usiivute mpaka mwisho wake, wala usiiachie irudi yenyewe kwa kishindo. Iongoze kwa mkono. Na usivute kwa moyo wa nusunusu, kwa kuwa injini iliyovutwa kwa uvivu hurudisha teke na kuweza kuteguka kifundo cha mkono.

Nina neno moja zito kuliko yote yaliyotangulia. Pampu ya kuvuta maji haiwezi kuyainua kutoka kina chochote. Inachofanya ni kuondoa hewa katika bomba ili uzito wa hewa ya nje uyasukume maji juu, na uzito huo pwani hauwezi kuzidi mita kumi hivi. Huku tuliko juu ya usawa wa bahari ni chini ya hapo, na kwa kazi halisi tuhesabu mita sita au saba. Kwa hiyo mwenye kisima cha mita kumi na tano huona pampu yake haivuti, na hufikiri aiteremshe injini ndani ya kisima, awekewe ubao, akavute kamba huko chini. Usithubutu. Moshi wa injini ya petroli una hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Ndani ya kisima haina pa kutokea. Mtu hulegea bila kujua, na anayeshuka kumwokoa hulegea naye. Katika Afrika ya Mashariki wamekufa wengi kwa njia hiyo, ndugu baada ya ndugu katika kisima kimoja. Kisima kirefu hutakiwa pampu ya kuzamishwa inayoendeshwa kwa umeme au jua, na injini ya petroli ikae juu kwenye upepo.

Kamba imekatika na ng'ombe wamesimama

Mwishoni twajibu swali ambalo hakika litaulizwa: itakuwaje ikiwa springi imevunjika leo, duka liko Kiserian, na wanyama wana kiu sasa hivi? Zamani, kabla ya stata hizi kuenea, injini ndogo ziliwashwa kwa kamba isiyofungwa mahali popote. Waliizungusha kwenye kigurudumu, wakavuta, kamba ikatoka yote na kubaki mkononi. Njia hiyo yafaa bado kwa dharura, mradi mtu awe mwangalifu.

Ondoa stata. Piga fundo dogo kwenye ncha ya kamba, ulipachike juu juu kwenye upenyo wa kikombe, yaani likae tu, lisikazwe, kisha uzungushe kamba mara mbili au tatu kwenye kikombe ili ikivutwa injini izunguke upande wake wa kawaida. Usijiviringishie kamba mkononi hata kidogo. Shika kijiti kilichofungwa kwenye ncha yake, ili kamba ikinaswa uweze kukiachia. Simama kando, pasiwe na mtu nyuma yako wala mbele yako. Funga shuka yako kiunoni barabara, vua ushanga unaoning'inia na bangili ndefu, maana kikombe sasa kiko wazi na kitazunguka maelfu ya mara kwa dakika. Mtoto asikaribie.

Injini ikiwaka, usijaribu kuifunika wala kuirudishia stata inapozunguka. Jaza hori, uizime kwa swichi, uiache ipoe. Kisha toa kamba ya zamani na springi iliyovunjika, uzifunge pamoja katika mfuko mmoja, umpe mtu anayepanda matatu ya asubuhi azipeleke dukani kuwa kipimo.